Kipupwe cha Njombe ukiwa na wagonjwa ndani na hela ya kuhesabu

Mei ikifika katikati, mimi huanza kusikiliza vifua vya watu wa nyumbani kwangu. Mwanangu ana miaka minne na nusu na ana pumu. Mama mkwe ana miaka 71 na presha, tunaishi naye tangu baba mkwe afariki. Mume wangu yuko kwenye mashine za mbao huko Mafinga, anarudi mara moja kwa mwezi. Mimi ni fundi cherehani hapa Njombe mjini. Aliyewahi kukaa mji huu anajua Juni mpaka Agosti kukoje: tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na wenzetu wa Makete kuna asubuhi wanazoamka wakakuta barafu imekaa juu ya majani kama chumvi.

Naandika kwa mama mwenzangu, au baba, ambaye kipupwe kinamkuta na mgonjwa ndani na mfuko mwepesi. Mimi si daktari. Haya ni mambo niliyoelekezwa kliniki, mengine nimejifunza kwa kuumia.

Kilichonifundisha zaidi ni kipupwe cha mwaka juzi. Kila mtoto akikohoa nilikimbilia duka la dawa. Leo dawa ya maji ya kifua, kesho vidonge vya antibaiotiki nilivyouziwa bila kuulizwa hata mtoto ana kilo ngapi, keshokutwa dawa ya kuchua. Agosti nilipopiga hesabu kwenye daftari la wateja nikakuta nimetumia shilingi 86,000. Na usiku ule alipobanwa kweli, saa nane, mvua ya manyunyu, sikuwa na hata nauli ya bodaboda. Nilimgongea jirani nikakopa 5,000 huku mtoto anavuta pumzi kwa shida begani kwangu. Tangu siku hiyo nikajua shida yangu haikuwa umaskini peke yake. Hofu yangu haikuwa na kipimo, ikawa inakula hela kwenye vikohozi vidogo na kuniacha mikono mitupu kwenye kile kikubwa.

Anza Machi, usingoje baridi

Kuanzia Machi natenga 1,000 kila siku ya kazi kabla sijanunua hata uzi. Jumatatu mpaka Jumamosi, miezi mitatu, inafika kama 78,000. Mwaka jana niliigawa hivi: 30,000 ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ambayo kwa utaratibu nilioingia nao ilihudumia kaya ya watu hadi sita kwa mwaka mzima, 15,000 ya usiku, 8,000 ya inhela ya akiba (kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu), 12,000 ya dawa za mama zikikosekana kituoni, 13,000 iliyobaki ni masweta ya mtumba na uzi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na taratibu zinabadilika, kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji ukaulize mapema kaya yako inajiunga vipi na kwa kiasi gani. Ukienda kuuliza mgonjwa akiwa tayari kitandani umechelewa.

Hiyo 15,000 ya usiku ndiyo ninayoilinda kuliko zote. Inakaa kwenye kopo la maziwa pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, daftari la mama la presha, kadi ya bima na karatasi yenye namba za madereva wawili wa bajaji ambao nimeshaongea nao mchana na wamekubali kuamshwa. Kopo haliguswi kwa unga wala kwa ada. Kama uko kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, uliza mapema masharti ya mfuko wa jamii, ule wa kusaidia mwanachama mwenye shida, maana ndiyo kazi yake, na wengi huukumbuka msibani tu.

Jua pia usichopaswa kulipia. Kwa sera ya afya, watoto chini ya miaka mitano na wajawazito wana msamaha katika vituo vya serikali, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo nao wamo. Mpeleke mzee serikali ya mtaa atambuliwe na apate kitambulisho chake cha msamaha kabla hajaugua, na ukifika hospitali uliza dirisha la wazee. Dawa zinaweza kukosekana hata hivyo, ndiyo maana nina ile 12,000. Zikikosekana, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni. Famasi watakupa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile.

Kuhesabu pumzi

Hili nilifundishwa na muuguzi, na ndilo lililonirudishia usingizi. Unahitaji simu yenye saa, basi.

Mtoto awe ametulia, ikiwezekana amelala. Akilia, hesabu itadanganya. Mfunue nguo mpaka uone tumbo na kifua. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima, sekunde 60 kamili; ukihesabu nusu dakika halafu ukazidisha mara mbili unaweza kukosea, maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Kuanzia miezi miwili mpaka kumi na moja ni 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka mitano ni 40. Akiwa na kikohozi na akafikia namba hiyo, inaweza kuwa nimonia, na nimonia haitibiwi kwa dawa ya kikohozi ya dukani. Mpeleke siku hiyohiyo.

Wakati unahesabu, angalia pale chini ya mbavu. Mtoto anapovuta pumzi tumbo hujaa na kifua hupanuka. Kama badala yake sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta, usingoje kukuche. Vilevile kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki vizuri, au midomo imekuwa ya kijivu au bluu. Hapo ndipo kopo linafunguliwa.

Na kama hakuna hata kimoja katika hivyo, anakohoa, makamasi yanatoka, anacheza, anakula, namba iko chini? Mpe maji, mpe uji, mfunike, rudia kuhesabu jioni. Mafua ya kawaida hayaponywi na antibaiotiki, na zile zilizobaki za mwaka jana kabatini zitupe. Nimepata nafuu kubwa ya hela hapa kuliko mahali pengine popote.

Hakikisha tu kadi ya chanjo imekamilika. Chanjo ya kukinga nimonia iko kwenye ratiba ya watoto nchini tangu 2013 na hailipiwi.

Mtu mzima au mtoto akikohoa wiki mbili au zaidi, acha tangawizi, nendeni mkapime kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure vituo vya serikali. Na kwa sababu mkoa wetu una watu wengi wanaotumia ARV, dawa za VVU, niliseme na hili: tarehe ya kliniki isirukwe kwa sababu asubuhi kuna ukungu. Vaa masweta mawili uende.

Inhela na chupa ya maji

Mwanangu alianza na vidonge vya pumu. Mikono ilikuwa inatetemeka, moyo unamwenda mbio, na kifua hakifunguki haraka. Inhela ya bluu inapeleka dawa palepale kwenye mapafu, ila mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja. Dawa inaishia ulimini. Kinachohitajika ni chombo cha katikati. Cha dukani sikukimudu, muuguzi akanionyesha kutengeneza cha chupa, na hadi leo ndicho tunachotumia.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ile yenye plastiki ngumu kidogo. Ioshe kwa maji na sabuni, iache idondoke maji na kukauka yenyewe. Usiisugue ndani kwa kitambaa, plastiki iliyosuguliwa huvuta chembe za dawa zikang'ang'ania ukutani. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, uchore kwa kalamu kuuzunguka. Pasha moto ncha ya kisu chembamba, ukate kwa kufuata mstari kwa ndani kidogo ili tundu libane. Mimi tundu la kwanza nililikata kubwa, dawa ikawa inavujia pembeni, nikaanza upya na chupa nyingine. Papasa kingo kwa kidole zisiwe na ncha, kung'uta vipande vyote vya plastiki vitoke, suuza tena. Ikikauka, chomeka inhela na uzungushie plasta kwenye maungio.

Sasa tikisa inhela. Mtoto akae wima, midomo ibane mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja tu. Apumue taratibu ndani na nje kupitia chupa mara tano au sita. Sisi tunahesabu pamoja kwa vidole, yeye anainua cha kwake kila akipumua. Kama ameandikiwa mara mbili, tikisa tena, bonyeza tena, rudia yote. Ukibonyeza mbili kwa mpigo dawa inagongana chupani na kupotea. Mtoto ambaye bado hawezi kubana midomo anahitaji barakoa yake, waulize kliniki.

Inhela hiyo ya kawaida ina dozi 200. Zangu hazina namba, na zikiisha bado hutoa hewa, unadhani dawa ipo kumbe hamna. Kwa hiyo nimebandika karatasi kwenye inhela na kila nikibonyeza naweka kistari. Ikifika 170 naanza kutafuta nyingine. Kama mtoto anaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudi kwa daktari umweleze, anaweza kuhitaji ile nyingine ya kuzuia inayotumika kila siku hata akiwa mzima. Na kama amevuta dawa na bado hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, fungua kopo.

Jiko la mkaa lisilale na watu

Hapa naomba unisikilize vizuri.

Mwaka ule ule, Julai, baridi ilikuwa kali nikaingiza jiko chumbani. Mkaa wa miwati, ulishashika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Nikaona ni salama kwa sababu hauna moshi. Nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kanga, tukalala watatu. Usiku nikasikia mtoto anatapika. Nikainuka, miguu haikunibeba. Kichwa kilikuwa kinagonga. Mama mkwe nilimwita, akajibu kwa kukoroma. Nilitambaa mpaka mlangoni nikaufungua, nikawavuta mmoja mmoja hadi kibarazani. Tulikaa pale kwenye baridi ileile tuliyokuwa tunaikimbia, na nikaambiwa kesho yake kwamba nilipaswa kuwapeleka hospitali usiku huohuo, hata baada ya kupata nafuu.

Hewa ile inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi huitoa kama kawaida. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, mtu anasinzia na haamki. Sufuria ya maji chumbani haiizuii, wala majivu juu ya mkaa. Kichwa kikiuma watu wawili au watatu kwa pamoja kwenye chumba chenye moto, tokeni nje kwanza, mengine baadaye.

Sasa hivi tunapika jikoni mlango na dirisha vikiwa wazi, wote tunakaa humo tukiota moto, tunakula, halafu jiko linatoka nje pamoja na majivu kabla ya mtu kwenda kulala. Kuni mbichi za milingoti siziwashi mtoto akiwa karibu, ule moshi humbana ndani ya dakika chache. Jirani yangu amejenga jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi kwa udongo na matofali ya kuchoma, kuni anatumia chache kuliko zamani, na mimi nakusanya matofali.

Pasha moto mtu

Nyumba ya mabati huwezi kuipasha moto kwa hela yetu. Mtu unaweza.

Baridi ya usiku nyingi inatoka chini. Kabla sijanunua blanketi jingine niliweka maboksi yaliyofunguliwa juu ya chaga, juu yake gunia lililojaa maganda makavu ya mahindi, ndipo godoro. Mama mkwe aliacha kulalamika kiuno wiki hiyohiyo. Juu, nimeshona viroba vya mbolea vilivyooshwa vizuri nikavitandaza chini ya mabati kama dari. Nimeacha nafasi ya kiganja karibu na ukuta hewa ipite, kwa sababu chumba kisichopumua hutoa unyevu na ukungu ukutani, na ukungu ni adui wa pumu.

Masweta nanunua mtumba, lakini siendi siku belo linapofunguliwa. Siku hiyo ni 3,000 au 4,000 moja. Nangoja siku ya nne, yanapomwagwa chini mia tano mia tano. Natafuta ya sufu yaliyosinyaa, ambayo watu wanayakataa kwa sababu hayamtoshi mtu. Sufu iliyosinyaa imeshikana, hewa haipiti. Nayakata vipande vya mraba, naviunga kwa mshono wa zigizaga, halafu naviweka katikati ya vitenge viwili vya zamani na kushona mistari kupitiliza ili visisogee. Masweta kumi na mawili yalitosha mfarishi wa kitanda cha mama. Shilingi 6,000 na jioni tatu za kazi. Kama huna cherehani, shona kwa mkono kwa uzi wa katani, mistari iwe mbalimbali.

Mtu avae nguo nyembamba mbili tatu badala ya koti moja zito, na soksi na kofia wakati wa kulala. Kwa mama mkwe naweka kidumu cha lita tatu chenye maji ya moto yasiyochemka, kifuniko kimebana, kimefungwa kwenye taulo, miguuni. Kwa mwenye kisukari kiweke dakika chache kabla hajapanda kitandani kisha ukitoe. Nyayo zake zinaweza zisihisi kuungua.

Presha ya mama na sufuria

Baridi hubana mishipa ya damu, kwa hiyo presha huweza kupanda kipupwe hata kama dawa ni zilezile. Juni na Julai nampeleka mama kupima kila wiki mbili. Kosa tulilofanya zamani ni kuzipunja dawa ili zifike mwisho wa mwezi, leo anameza kesho anaacha. Usifanye hivyo. Hela ikiwa haba, nunua za siku kumi, kisha siku kumi nyingine, lakini kila siku ameze. Akilalamika kifua kubana, mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea au maneno yakikwama, hayo ni ya kopo.

Chumvi nimepunguza sufuria nzima. Ladha inatoka kwenye kitunguu, nyanya, tangawizi na limao. Maharage nachemsha nusu saa yakitokota kweli, naifunika sufuria na kuizamisha kwenye kikapu kikubwa kilichojazwa nguo kuukuu, napakia nguo nyingine juu. Baada ya saa tatu nne yameiva, mkaa umebaki. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga, mchana viazi na parachichi, vitu ambavyo Njombe havitupi tabu. Chai ya tangawizi kila mtu anapenda, na asali ikiwepo natia, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, yeye asali hapewi kabisa.

Saa tisa usiku

Usiku ndio mgumu. Mume yuko mbali, unasikia kila kikohozi mara mbili. Nimewekeana ahadi na wifi yangu wa Makambako: nikiamka na hofu, kwanza nahesabu, naandika saa na namba kwenye daftari, halafu namtumia ujumbe wenye namba hiyo tu. Akiamka alfajiri anajibu. Nisipomjibu kabla ya saa moja asubuhi anapiga yeye. Daftari hilo huwa naenda nalo kliniki, na daktari hulisoma kwanza kabla hajaniuliza kitu, kwa sababu linamwonyesha wiki nzima kwa mtazamo mmoja.

Jana usiku mtoto alikohoa tangu saa saba. Nilimfunua, nikawasha taa ya simu, nikahesabu dakika nzima. Pumzi 34, chini ya mbavu hakubonyei. Nikaandika, nikamtumia wifi, nikamrudishia kofia iliyokuwa imemvuka, nikalala.